Twyfelfontein kwa siku moja? Anzeni na mawe, michongo iwe ya mwisho

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, Dodoma. Mwezi wa nane mimi, mume wangu na watoto wetu wawili (miaka 9 na 14) tutakwenda Namibia, kwa shemeji yangu anayefanya kazi Windhoek. Nimeshawapeleka wanafunzi Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, kwa hiyo natamani sana kuona michongo ya kwenye mawe ya Twyfelfontein. Wakala ametupangia siku moja: tutoke kambini Khorixas alfajiri, michongo saa tatu hadi saa tano, kisha Organ Pipes, Burnt Mountain na Petrified Forest, na usiku tulale Swakopmund, pwani. Inatosha? Na mtu aliyekwisha iona Kolo, atakuta nini kipya kule?

Jibu: Mwalimu, haitoshi. Tena shida si uchache wa saa peke yake. Ratiba hiyo imepangwa kinyumenyume: inawapeleka kwenye michongo mkiwa bado hamjajua mnaangalia jiwe gani, halafu inawazungusha kwenye mandhari ya ajabu mchana wa jua kali, wakati ambapo mandhari yenyewe hayaonyeshi kitu. Wageni wengi huchukulia kwamba michongo ni jambo moja na yale mawe ya ajabu ya jirani ni nyongeza ya kujazia siku. Mimi naona ni habari moja. Watu walichonga pale kwa sababu jiwe la pale liko vile lilivyo, na maji ya pale yanatoka kwa sababu ya jiwe hilohilo. Kwa hiyo ningewashauri mgeuze mpango: mawe kwanza, michongo mwisho, na kati yake mlale usiku mmoja palepale bondeni.

Njia yenyewe inawasaidia. Kutoka Windhoek mtapita Otjiwarongo na Outjo hadi Khorixas, lami tupu, karibu kilomita 450. Laleni hapo Khorixas siku ya kwanza, maana watoto watakuwa wamechoka. Kesho yake mkishika barabara ya C39 kuelekea magharibi, lami inakwisha, inaanza changarawe, na kabla hamjafika kilomita 50 mtakuta kibao cha Petrified Forest. Msikiruke kibao hicho kwa kusema mtarudi jioni. Hamtarudi. Ila muwe macho: njiani kuna vibao kadhaa vya kuandikwa kwa mkono vinavyotangaza msitu wa mawe. Wenyeji wana visukuku vyao na wana haki ya kutafuta riziki, lakini eneo linalolindwa na serikali tangu 1950 ndilo lenye magogo makubwa na waongozaji rasmi.

Pale mtaona magogo yamelala chini, magome yanaonekana, pete za ukuaji zinahesabika, lakini ukigonga ni jiwe. Yana umri wa zaidi ya miaka milioni 250, na marefu zaidi yanapita mita 30. Waulize watoto: mizizi iko wapi? Matawi je? Hakuna. Miti hii haikuota hapo. Ilisombwa na mafuriko makubwa kutoka mbali, ikafukiwa na mchanga na tope haraka kiasi kwamba hewa haikuifikia kuiozesha. Maji yaliyobeba silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga, yakapenya ndani ya mbao, na kidogo kidogo silika ikachukua nafasi ya mti, chembe kwa chembe, umbo likabaki. Ni jamaa ya mbali ya misonobari ya leo. Msiokote hata kipande cha ukubwa wa ukucha; ni kosa kisheria, na ndivyo eneo lilivyopoteza mengi zamani.

Katikati ya magogo hayo huota welwitschia. Mwoneshe mtoto wako wa miaka tisa. Mmea huu una majani mawili tu maisha yake yote; upepo huyachana yakawa vipande vingi vya kusokotana, ndiyo maana kwa mbali unaonekana kama rundo la takataka za kijani. Baadhi inaaminika imeishi zaidi ya miaka elfu moja. Mimi binafsi huwa nakaa zaidi na mmea huu kuliko na magogo, lakini hilo ni suala la mapenzi.

Kutoka hapo endeleeni na C39, kisha mkate kushoto kwa D3254 kuteremka bonde la Aba-Huab. Mtaanza kuona milima ya mawe mekundu yenye vichwa bapa. Simamisheni gari mahali salama mwangalie tabaka za ule mwamba mwekundu: nyingi zimelala mshazari badala ya kulala sawasawa. Huo mshazari ni mgongo wa matuta ya mchanga wa jangwa lililokuwapo kama miaka milioni 130 iliyopita, likagandamana likawa jiwe mchanga. Kwa hiyo mnapita ndani ya jangwa lililo juu ya jangwa la kale. Muda mfupi baadaye, kwa hesabu za wanajiolojia, bara kuu la Gondwana lilianza kupasuka, Afrika ikaachana na Amerika ya Kusini, na lava ikamwagika kwa wingi wa kutisha. Ile milima bapa myeusi ya Etendeka upande wa kaskazini ni mabaki ya lava hiyo, na ndugu yake yuko ng'ambo ya bahari, Brazil, katika eneo la Paraná. Kwa mwalimu wa historia anayebanwa na silabasi, hapa ndipo somo la jiografia linapojifundisha lenyewe.

Organ Pipes na Burnt Mountain zote ni watoto wa mpasuko huo. Organ Pipes ni kijibonde kifupi, mnateremka kwa miguu dakika chache, na mnajikuta kati ya nguzo za doleraiti zimesimama wima zimebanana, nyingine zinafika mita tano. Hakuna aliyezichonga. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ilijipenyeza katikati ya miamba ya zamani, ikapoa taratibu, na ilipopoa ikasinyaa. Kusinyaa kukaipasua kwa pembe, jinsi tope la bwawa linavyopasuka vigae vigae kiangazi, isipokuwa hapa nyufa ziliendelea kwenda chini zikatengeneza nguzo. Watoto watataka kupanda. Pembeni pana mawe yaliyolegea, kwa hiyo waambieni watembee sakafuni mwa bonde.

Burnt Mountain iko karibu sana na hapo, na ndiyo inayolaumiwa kuliko zote. Nimesikia watu wakisema wamepotezewa mafuta kwa ajili ya kifusi cheusi. Wanasema kweli, kwa sababu walifika saa saba mchana. Mwamba wa tope wa pale uliunguzwa na joto la magma iliyopita chini yake ukabadilika rangi na sura. Hakuna moto uliowaka juu ya mlima wala volkano iliyotoka hapo. Mchana rangi hizo zinafutika kwa mwanga mkali. Fikeni saa moja kabla ya jua kuzama, na wekundu, zambarau na rangi ya kahawia vitajitokeza kwa zamu kadiri jua linavyoshuka. Msipande juu yake; nyayo zinabaki miaka mingi kwenye changarawe ile laini. Saa za Namibia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo rekebisheni simu na mwulizeni mwenyeji jua linazama saa ngapi wiki hiyo.

Laleni bondeni. Kuna eneo la kupiga kambi kandokando ya mto Aba-Huab na kuna loji za bei ya juu. Agosti ni msimu wa wageni kutoka Ulaya, kwa hiyo wekeni nafasi mapema. Mto huo ni mkavu karibu mwaka mzima, mchanga mtupu, lakini chini ya mchanga kuna maji, na ndovu wanaoishi jangwani humo huyafukua kwa miguu na mikonga. Wanapita kambini bila kuomba ruhusa. Giza likiingia watoto wasitembee peke yao kwenda chooni, na asijitokeze mtu wa kuwafuata ndovu na simu ili apate picha.

Sasa michongo. Kuweni getini pakifunguliwa asubuhi. Hamruhusiwi kuingia bila mwongozaji, na hilo ni jema: waongozaji wengi ni Wadamara wenyeji wa eneo hilo, na wanajua mwanga uko wapi saa gani. Kabla ya kuondoka kwenye kituo cha wageni, kiangalieni chenyewe. Kilijengwa kwa mawe yaliyopangwa ndani ya nyavu za waya na paa la vipande vya mapipa ya mafuta yaliyokatwa, kwa makusudi kwamba siku moja kikiondolewa kisiache kovu. Natamani wajenzi wa vituo vya malikale vya kwetu wakakione.

Mtapanda mteremko wa mawe makubwa yaliyomeguka kutoka kwenye ukingo wa mlima. Ni jiwe mchanga lilelile la matuta ya kale. Likimeguka, linatoa nyuso pana, bapa, laini, na baada ya kupigwa na jua na hewa kwa karne nyingi uso wake hufunikwa na ngozi nyembamba nyeusi-kahawia. Mtu akiidonoa ngozi hiyo kwa jiwe gumu la kwatzi, rangi nyepesi ya ndani hutokea. Ndiyo kalamu na karatasi yao. Na kwa nini pale, si kwenye mlima mwingine? Mvua kidogo inayonyesha juu hupenya katika jiwe mchanga, ikashuka mpaka ikakutana na mwamba wa tope usiopitisha maji, ikakosa pa kwenda, ikatokeza kama chemchemi. Katika nchi kavu kiasi kile, chemchemi moja huwaita wanyama, na wanyama huwaita wawindaji. Wenyeji waita mahali hapo /Ui-//aes. Jina la Twyfelfontein, yaani "chemchemi ya mashaka", lilitoka kwa mkulima wa Kizungu, David Levin, aliyefika miaka ya 1940 na hakuwa na hakika kama chemchemi ingemtosha yeye na mifugo yake.

Kuna zaidi ya michongo 2,000, na kazi hiyo ilifanywa na wawindaji na wakusanyaji kwa muda usiopungua miaka elfu mbili, kabla wafugaji wa Kikhoekhoe hawajaenea huko. UNESCO iliiandikisha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya Kondoa, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa Namibia.

Uliniuliza nini kipya kwa aliyeona Kolo. Kolo mnaangalia rangi, nyekundu na nyeupe, chini ya vipaa vya miamba. Rangi inahitaji kivuli ili iishi. Twyfelfontein pia ina vipaa vichache vyenye michoro ya rangi, lakini sehemu kubwa ni michongo iliyo wazi angani, mvua na jua vikiipiga. Kwa hiyo jua ni sehemu ya kuitazama. Mwanga wa mshazari wa asubuhi au alasiri huingia kwenye madonoo na kuyapa kivuli; mwanga wa utosini huyafuta. Ndiyo maana saa tatu hadi saa tano ya wakala wenu si saa nzuri: nusu ya pili mtakuwa mnakodoa macho.

Jambo la pili ni nyayo. Kolo mmezoea watu warefu wembamba na wanyama. Hapa, pamoja na twiga, vifaru, mbuni, tembo na pundamilia, mtaona kwato na nyayo zimechongwa peke yake, bila mnyama, mawe kwa mawe. Kwa mwindaji, alama ya mguu ni habari kamili: ni nani amepita, mkubwa au mdogo, anaelekea wapi. Wape watoto zoezi la kutaja mnyama kwa kwato zake kabla mwongozaji hajasema. Tena kuna michongo ya viumbe wa baharini, sili miongoni mwao, ilhali Bahari ya Atlantiki iko takriban kilomita 100 kutoka hapo. Aliyechonga alikuwa amefika pwani kwa miguu yake, akarudi na sura ile kichwani.

Ombeni njia zote mbili mnazoweza kuongozwa, ya Tandala Anayecheza na ya Simba-Mtu. Tandala ni mchongo uliong'arishwa vizuri kuliko mingi, na pembeni mwake kuna maumbo ya duara na mistari ambayo watafiti huyahusisha na hali ya kupandwa na mzuka, yale ambayo macho huona mtu anapoingia kwenye ngoma ya uganga. Simba-Mtu ndiye mashuhuri. Ana mkia mrefu mno, umepinda kwa pembe mraba, na kila mguu una vidole vitano. Mwindaji aliyejua nyayo kiasi kile hakosei kuhesabu vidole vya simba, maana wayo wa simba huacha alama za vidole vinne. Vidole vitano ni vya mtu. Wengi wa watafiti wanamsoma kama mganga aliyegeuka simba.

Hapa wewe wa Dodoma una mtaji ambao mgeni kutoka Ulaya hana. Wasandawe wa Kondoa na Chemba wana ngoma ya simbo, ambamo mchezaji hupandwa na kuwa simba ili apambane na wachawi. Sisemi kwamba waliochonga Twyfelfontein walikuwa Wasandawe, wala kwamba kuna kamba iliyonyooka kati ya Kolo na Namibia. Ushahidi wa namna hiyo haupo, na mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani mkate alama. Lakini unapomsimulia kijana wako wa miaka 14 kuhusu mganga-simba, huna haja ya kwenda kuazima mfano nje ya mkoa wenu wenyewe. Na mwongozaji wenu atakapotamka /Ui-//aes kwa zile sauti za ulimi, mwambieni kwamba kwenu pia kuna watu wanaosema kwa sauti za namna hiyo. Maongezi yatabadilika.

Mtaona pia majeraha. Mahali hapa palitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa mwaka 1952, lakini palikaa miongo kadhaa bila ulinzi wa maana, hadi miaka ya 1980. Watu wakachonga majina yao, wengine wakabeba mawe. Ndiyo sababu ya ukali wa sasa. Msiguse, msimwage maji ili picha itoke vizuri, msifuatishe mistari kwa chaki. Mafuta ya vidole na unyevu huliharibu jiwe pole pole. Ukipenda kuwa na kumbukumbu, wabebee watoto daftari na penseli wachore wamesimama njiani; mtu akichora huona mara tatu ya anayepiga picha.

Mkitoka, kama watoto bado wana nguvu, kuna Makumbusho Hai ya Wadamara kilomita kama kumi kaskazini, ambapo huonyeshwa moto wa kupekecha, dawa za mitishamba na uhunzi. Ni maonyesho, si kijiji cha watu wanaoishi hivyo leo, na waongozaji wenyewe husema wazi. Sina ugomvi nayo, lakini si ya lazima.

Kuelekea Swakopmund piteni Uis, na hapo mtakuwa mmeukaribia mlima Brandberg, wenye kilele kirefu kuliko vyote Namibia, mita 2,573. Katika korongo la Tsisab kuna mchoro wa rangi uitwao White Lady. Ni matembezi ya karibu saa moja kwenda na saa moja kurudi, lazima na mwongozaji. Naupendekeza kwa mwalimu wa historia kwa sababu moja: padri na mtafiti wa Kifaransa Henri Breuil aliutazama akasema ni mwanamke mwenye asili ya Mediterania, yaani sanaa nzuri kiasi kile lazima iwe imeletwa na wageni. Leo watafiti wanakubaliana kwamba si mwanamke wala si mgeni. Ni mwanamume wa Kiafrika, yaelekea mganga, mwili umepakwa rangi nyeupe. Jina la zamani limebaki kwenye vibao. Wanafunzi wako wanaojifunza jinsi historia yetu ilivyoandikwa na wengine hawatapata mfano mwepesi zaidi.

Kuhusu gari: Namibia wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo hilo halitawasumbua. Changarawe ndiyo hatari. Msipite kilomita 80 kwa saa hata barabara ikionekana laini, msikanyage breki ghafla kwenye kona, na gari la mbele likipita punguzeni mpaka vumbi litulie. Chukueni gari lenye tairi mbili za spea, punguzeni upepo kidogo mkiingia changarawe, jazeni tangi Khorixas, na msiendeshe usiku. Tandala na ng'ombe hawana taa. Mtandao wa simu hukatika kwa muda mrefu, basi mwachieni shemeji ratiba yenu kwa maandishi.

Agosti hakuna mvua, asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta na mchana jua la kofia. Kila mtu abebe angalau lita mbili za maji hata kwa matembezi mafupi. Dola ya Namibia na randi ya Afrika Kusini zina thamani sawa na zote zinapokelewa. Wekeni noti ndogo kwa ajili ya waongozaji, na mbebe pasipoti, mkaulize getini kama kuna kiingilio cha raia wa nchi za SADC. Kadi za chanjo ya homa ya manjano zisibaki nyumbani.

Mkikosa siku na ikawa lazima mkate kitu, kateni makumbusho hai kwanza, kisha White Lady. Petrified Forest ikiwashinda, si msiba. Ila usiku mmoja bondeni na asubuhi ya mapema kwenye michongo, hivyo msivitoe. Bora mwifute Swakopmund kabisa, bahari mnaweza kuiona Bagamoyo.